Stima, mvuke au moshi? Neno moja lililozua ubishi Olkaria

MPENZI msomaji, juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya upili mjini Nakuru. Darasa lao lilikuwa limezuru Olkaria, kule Naivasha, kujionea jinsi umeme unavyopatikana kutokana na joto la ardhini. Waliporudi, mwalimu wao wa Kiswahili aliwaagiza waandike insha kuhusu ziara hiyo.

Mwenye barua aliandika hivi: “Tuliona stima ikitoka ardhini kwa kishindo.” Rafiki yake waliyeketi naye dawati moja aliandika: “Tuliona moshi mweupe ukitoka ardhini.” Msichana aliyeketi nyuma yao akaandika: “Tuliona mvuke ukitoka ardhini.” Madaftari yaliporudishwa, stima na moshi zilikuwa zimepigwa mstari wa wino mwekundu. Msichana peke yake ndiye aliyesalimika.

Kijana huyo ananiuliza, tena kwa uchungu: “Kule Olkaria maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na kila mara walisema ‘steam’. Kwani ‘steam’ na stima si neno moja? Na kama ni moja, kosa langu ni lipi?”

Swali zuri. Nami nimeliona kuwa zito kuliko alama mbili tatu za insha, kwa sababu nitakazozieleza huko mbele. Lakini kabla ya kumhukumu mwalimu ama mwanafunzi, hebu tulifuate neno lenyewe lilikotoka.

STIMA ILIKUJA KWA BAHARI

Neno “steam” ni la kale katika Kiingereza. Maana yake ya kawaida siku hizi ni ile hewa ya moto inayotoka katika maji yanapochemka. Waingereza walipounda mashine zinazoendeshwa kwa nguvu hiyo, chombo cha baharini chenye mashine ya namna hiyo wakakiita “steamer”. Watu wa pwani yetu walikuwa wamezoea majahazi na mashua za matanga, vyombo ambavyo haviendi bila ridhaa ya upepo. Walipokiona chombo kinachokwenda hata upepo ukikataa, walikipokea pamoja na jina lake. Wakasema stima.

Mnamo mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza safari za kuleta barua kutoka Aden hadi Unguja. Hapo chombo kile kile kikawa na majina mawili. Waliotazama shehena yake walisema meli, kutokana na neno la Kiingereza “mail”, yaani barua za posta. Waliotazama nguvu inayokisukuma walisema stima. Katika mashindano ya miaka mingi, meli ndilo lililoshinda baharini. Leo hata chombo kisichobeba barua hata moja ni meli.

Si sisi peke yetu tuliolichukua neno hilo. Wazulu wa Afrika Kusini walilichukua pia, lakini wao wakalipandisha nchi kavu: kwao isitimela ni garimoshi.

Hapa pana jambo la kufurahisha. Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899, na hatimaye Kisumu mwaka 1901, ilivutwa na injini ambayo Waingereza huiita “steam engine”. Mswahili alipoitazama hakuona mvuke. Aliona bomba linalofuka, akasema gari la moshi. Je, alikosea? La hasha. Ndani ya injini ile mlikuwa na vyote viwili. Moto wa kuni au makaa ulitoa moshi, na maji yaliyochemshwa na moto huo yakatoa mvuke uliosukuma magurudumu. Mwingereza aliliita gari kwa nguvu yake. Mswahili aliliita kwa dalili yake. Hata leo, ijapokuwa treni ya reli mpya iliyoanza safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017 haina tangi la kuchemshia maji, wengi wetu tungali tunasema garimoshi.

JINSI STIMA ILIVYOPANDA WAYA

Basi neno la chombo cha baharini liliwezaje kuwa jina la kitu kinachowasha taa? Njia yake si vigumu kuiona. Katika sehemu nyingi za ulimwengu, jenereta za kwanza za umeme zilizungushwa na mashine za mvuke, ndugu wa zile zilizokuwa melini. Mashine ikaitwa stima, na kilichotoka kwenye mashine kikarithi jina.

Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya husimulia kwamba Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alinunua jenereta mwaka 1875 ili kuangaza kasri yake na mitaa ya karibu, na kwamba mwaka 1908 jenereta hiyo ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Hivyo mashine, kama neno, ilivuka kutoka visiwani ikaja kwetu.

Ndugu zetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Wao walitazama juu mawinguni, wakauona ule mmweko unaotangulia radi, nao tangu zamani uliitwa umeme. Nguvu mpya ya waya wakaipa jina hilo. Ndiyo maana Mtanzania husema “umeme umekatika”, naye Mkenya husema “stima imepotea”. Mtanzania hununua Luku, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na Mkenya hununua tokeni za stima. Kitu ni kimoja, na giza ni lile lile.

Hata hivyo, kwa miaka mingi neno stima hapa Kenya lilikuwa kama mtu anayeitwa Mvuvi ilhali familia yake iliacha kuvua zamani. Sehemu kubwa ya umeme wetu ilitokana na maji ya Mto Tana, katika mabwawa kama Kindaruma, Kamburu, Gitaru na Masinga. Maji hayo hayakuchemshwa. Yaliporomoka tu kwa uzito wake yakazungusha mitambo. Stima isiyotokana na mvuke!

Ndipo ikaja Olkaria.

NENO LARUDI NYUMBANI

Olkaria ni neno la Kimaa, na maana yake ni ule udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Sehemu hiyo iko kusini mwa Ziwa Naivasha, ikipakana na mbuga ya Hell's Gate. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa mwaka 1956 bila mafanikio. Kazi ikaanza tena katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Wa pili ulifuata mwaka 1982 na wa tatu mwaka 1985. Baadaye zikaja Olkaria II, III, IV na V. Leo zaidi ya theluthi moja ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na joto la ardhini.

Hata hiyo megawati ina damu ya mvuke. Kipimo hicho kina jina la James Watt, Mskoti aliyeboresha mashine za mvuke katika karne ya 18.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Maji ya mvua yaliyozama chini kwa miaka mingi hukutana na miamba yenye joto kali, mahali pengine zaidi ya nyuzi 300 za Selisiasi. Huko chini maji hayo yamebanwa. Kisima kinapochimbwa, kina chake mara nyingine kikiwa mita 3,000, maji na mvuke hupata upenyo, navyo hupanda kwa mngurumo wa kutisha. Juu, maji hutenganishwa na mvuke. Mvuke huingia katika mtambo na kuzungusha mapanga yake. Mapanga huzungusha jenereta. Jenereta hutoa umeme. Maji hurudishwa ardhini.

Sasa, ewe mwanafunzi wangu, umeliona kosa lako? Kilichotoka ardhini ni mvuke. Stima, kwa maana tunayoijua leo, ilizaliwa mbele zaidi, ndani ya jenereta. Kati ya mvuke na stima pana mashine nzima. Mwalimu alikuwa na haki ya kulikata neno lako. Lakini wewe nawe ulikuwa na haki ya kushuku undugu wao, kwa maana stima ni mtoto wa “steam”, aliyeondoka nyumbani akapata kazi nyingine. Kule Olkaria mzazi na mwana wamekutana tena mlango kwa mlango, ndiyo maana wakakuchanganya.

NDUGU WA “STEAM” NA KAZI ZAO

Je, yule rafiki yake aliyeandika moshi? Hapa tunahitaji kuwapanga ndugu wote wa neno hili mstari mmoja, kwani wanafunzi wengi huwachanganya katika Kiingereza, na Kiswahili chao pia kikaumia.

“Steam” ni ya maji, tena ya moto. Kiswahili chake ni mvuke. Na hili huenda likakushangaza: mvuke hasa hauonekani kwa macho. Mama akichemsha maji ya chai, tazama mdomo wa birika. Mara tu baada ya mdomo pana nafasi ndogo ambapo huoni kitu, kisha wingu jeupe linaanza. Pale pasipoonekana kitu ndipo penye mvuke wenyewe. Lile jeupe ni mvuke uliokwisha kupoa ukawa matone madogo ya maji yanayoelea. Wala usijaribu kupima kwa kidole! Mvuke unapogusa ngozi na kugeuka maji, hutoa joto jingi kupita kiasi: mara tano na zaidi ya joto linalohitajika kuyapasha maji hayo kutoka baridi ya barafu hadi yachemke. Ndiyo sababu huunguza vibaya kuliko maji ya moto.

“Vapour” ni pana zaidi. Ni hali ya hewa ya kitu ambacho kwa kawaida ni majimaji, kiwe maji, petroli au spiriti, wala si lazima kiwe kimechemka. Nguo zikikauka kambani, maji yake yamekuwa “vapour”, lakini hakuna Mwingereza atakayesema kwamba shati lilitoa “steam”, isipokuwa liwe chini ya pasi. Kiswahili hutumia mvuke kwa vyote viwili, nasi hueleza tofauti kwa kuongeza neno: mvuke wa petroli, mvuke wa maji, mvuke wa maji yanayochemka.

“Mist” ni matone madogo mno yanayoelea hewani, nayo yaweza kuwa baridi kabisa. Kiswahili chake ni ukungu. Ukungu ukiwa mzito Waingereza husema “fog”. Wataalamu wao wa hali ya anga hutumia neno hilo pale ambapo mtu haoni mbali zaidi ya kilomita moja. Sisi tunasema ukungu mzito, na dereva wa Limuru au Kinungi ametuelewa.

“Smoke” ni moshi, na moshi hutokana na kuungua. Pasipo kitu kinachoungua hapana moshi. Wahenga walinena: panapofuka moshi pana moto. Kule Olkaria hakuna kuni wala makaa yanayoungua, basi lile jeupe haliwezi kuwa moshi hata likifanana nao. Mwalimu alikuwa sahihi tena.

“Fumes” ni hewa yenye harufu kali au madhara, kama ile ya rangi, ya dawa za kuulia wadudu au ya injini. Asili ya neno hili ni Kilatini, na huko lilimaanisha moshi. Kiswahili hakina neno moja la kulikamata. Tunasema hewa ya sumu, gesi, au moshi wa gari, kutegemea chanzo chake. Aliyefika Olkaria anaikumbuka ile harufu ya yai viza. Hiyo si harufu ya mvuke, maana mvuke wa maji hauna harufu. Ni gesi iitwayo hidrojeni salfaidi, ambayo hupanda pamoja na mvuke. Ikiwa kidogo, pua huitambua upesi. Ikiwa nyingi, hulevya pua mtu asisikie harufu yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayeita vitu vyote hivyo moshi hawezi kumwonya mwenzake vizuri.

Lakini Kiswahili nacho kina ujanja wake. Ingawa kinatenganisha moshi na mvuke katika majina, kitenzi chao ni kimoja: kufuka. Moshi hufuka, na uji wa moto hufuka. Kutokana na kufuka tunapata kufukiza. Ubani hufukizwa kwenye chetezo, na huo ni moshi. Mgonjwa hujifukiza kwa nyungu chini ya blanketi, na huo ni mvuke. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, habari za kujifukiza zilitapakaa Afrika Mashariki nzima. Mwingereza hawezi kutumia kitenzi kimoja kwa ubani na kwa nyungu, sisi tunaweza.

USIFASIRI NENO KWA NENO

Tutazame kwa upesi misemo ya Kiingereza inayotumia neno hili, maana hujitokeza sana katika mitihani ya ufahamu na tafsiri.

“To let off steam” si kutoa mvuke. Ni kutoa hasira au mori uliokusanyika ili usije ukapasuka, kama mashine inavyofunguliwa vali yake. Kwetu tunasema kutoa dukuduku. “To run out of steam” ni kuishiwa nguvu au ari kabla ya kazi kwisha. “Under one's own steam” ni kufanya jambo au kufika mahali kwa nguvu zako mwenyewe, bila kubebwa. Na “full steam ahead” ni kusonga mbele kwa kasi yote.

Vijana wa mitaani wameunda msemo wao. Mtu akiwaharibia raha husema amewakatia stimu. Siwashauri mwandike hivyo katika insha, ila mjue kwamba hata hapo “steam” ingali inafuka.

NYANYA NA ‘STIMA’ YA HOSPITALI

Sasa nieleze kwa nini nimeliona swali hili kuwa zito.

Miaka michache iliyopita, mama mzazi wa rafiki yangu alikuwa akiishi Kamere, kando ya ile barabara inayozunguka kusini mwa Ziwa Naivasha. Kutoka uani kwake aliyaona mawingu meupe ya Olkaria kila asubuhi. Alikuwa akimlea mjukuu wa miaka mitatu, kwa kuwa mama ya mtoto alikuwa akifanya kazi ya zamu katika shamba la maua. Jioni moja mtoto alishikwa na kifua. Akawa anapumua kwa shida, kifua kikilia kama filimbi. Nyanya akambeba mgongoni hadi kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja.

Muuguzi alimpima mtoto, akamwambia kwa upole na kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu: “Shosho, ngoja hapo. Huyu tutamweka kwa ‘steam’ kidogo, kifua kifunguke.” Kisha akaingia chumba cha ndani kuleta mashine.

Nyanya yule hakusoma Kiingereza. Alichosikia ni stima. Akaona muuguzi akirudi na kisanduku chenye waya, akitafuta mahali pa kuchomeka ukutani. Muuguzi alipoondoka tena kwenda kutafuta dawa, nyanya alimfunga mtoto mgongoni akatoka kimyakimya. Baadaye aliniambia: “Mwanangu, ningekaa nione mtoto mchanga akitiwa stima? Kwani alikuwa ameiba?”

Usiku ule haukuwa mfupi. Mtoto alipumua kwa taabu hadi alfajiri, midomo ikianza kupoteza rangi. Mama yake aliporudi kutoka zamu ya usiku, hata hakuvua viatu. Alimchukua akarudi naye pale pale kituoni kwa pikipiki. Alitiwa dawa kwa ile ile mashine, na katika muda mfupi akaanza kupumua vizuri. Tunamshukuru Mungu, leo yu shuleni, na mpira anaucheza. Lakini daktari aliwaambia wazi kwamba saa chache zaidi zingeweza kuleta msiba.

Nani alikosea? Nyanya alilisikia neno kwa maana anayoijua, maana ambayo nchi nzima inaijua. Muuguzi hakuwa na nia mbaya. Lakini tazameni jambo moja zaidi, nyinyi mnaosoma Kiingereza: hata katika Kiingereza muuguzi alikosea! Mashine ile haichemshi kitu. Hupuliza dawa ya maji mpaka ikawa matone madogo sana, naye mgonjwa huyavuta kupitia kifuniko cha pua na mdomo. Hiyo si “steam”. Ni “mist”, ni ukungu, tena wa baridi. Lau angesema, “Shosho, tutampa dawa aivute kama ukungu, haichomi wala haiumi, na wewe utamshika mwenyewe,” nyanya angeketi. Mwanamke aliyeamka kila siku akitazama ukungu wa ziwa na mvuke wa Olkaria hakuhitaji kufundishwa tofauti ya vitu hivyo. Alihitaji tu kuambiwa kwa neno lake.

LUGHA YA ANAYEAMBIWA

Kisa cha nyanya ni cha familia moja. Olkaria yenyewe ina kisa kikubwa zaidi. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kutoka vijiji vyao ili kupisha mradi wa Olkaria IV, zikapewa makao katika ardhi nyingine. Baadhi ya wakazi walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili. Jopo la Ukaguzi la benki hiyo lilichunguza, na katika ripoti yake ya mwaka 2015 moja ya kasoro lilizotaja ni kwamba Kimaa hakikutumiwa ipasavyo katika mashauriano na watu hao, wala wazee wao hawakushirikishwa inavyostahili.

Mpenzi msomaji, fikiria mzee anayeambiwa habari za nyumba yake, malisho yake na makaburi ya wazazi wake kwa lugha ambayo si ile anayoiwazia. Atatikisa kichwa, na aliyekuja na karatasi ataandika kwamba mzee amekubali. Kumbe pengine amesikia stima pale waliposema “steam”.

Ndiyo maana nasema kujua visawe si pambo la mtihani. Visawe si maneno yenye maana ile ile. Ni maneno ya jirani, na kila moja lina mlango wake. Anayebisha mlango usio wake hafunguliwi, au hufunguliwa na mtu mwingine.

HUKUMU YANGU

Basi nimjibu kijana wetu. Kwanza, stima ni Kiswahili halali cha Kenya, wala asikuonee haya mtu akikusikia ukilitumia. Lina ngeli yake ya I-ZI: stima imepotea, stima imerudi. Katika maandishi rasmi, na hasa unapowaandikia wasomaji wa nchi jirani, umeme ndilo neno linaloeleweka kote.

Pili, usilitumie stima kwa maana ya mvuke. Undugu wao ni wa historia, si wa leo.

Tatu, rafiki yako awe mwangalifu na moshi. Kabla hajaliandika, ajiulize: kuna kitu kinachoungua?

Nne, na hili ni letu sote tuliosoma: unapomweleza mtu jambo linalohusu mwili wake, mtoto wake au ardhi yake, usiridhike kwa kuwa wewe umelielewa neno. Muulize amesikia nini. Lau muuguzi yule angeuliza, “Shosho, umenielewa?” usiku ule ungekuwa mfupi.

ZOEZI

Jaza nafasi kwa moja ya maneno haya: mvuke, moshi, ukungu, stima.

1. Dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya ........ wa alfajiri uliotanda barabarani.

2. Usifunue sufuria ukiwa umeinamisha uso, ........ utakuunguza.

3. Kuni mbichi zilijaza ........ jikoni hadi macho yakatuwasha.

4. Usiwashe kiberiti karibu na petroli iliyo wazi, kwani ........ wake hushika moto.

5. Tulisoma kwa mshumaa kwa kuwa ........ ilipotea.

Majibu: la kwanza ni ukungu; la pili ni mvuke; la tatu ni moshi; la nne ni mvuke, ingawa hapo Mwingereza hatasema “steam” bali “vapour”; la tano ni stima, na kitenzi ilipotea ndicho kilichokuonyesha njia, kwani kwa umeme tungesema ulipotea.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutatazama maneno kawi, nishati, nguvu na uwezo, ambayo yote hutumiwa kufasiri neno moja la Kiingereza. Hadi wakati huo, kwaherini.